Ajali Isiyo na Tarehe

Mjomba wangu hasikii herufi S.

Irabu anazisikia vizuri sana. Mbwa akibweka nje anajua, lori likipita anajua, na ukimwita kwa sauti nzito ukiwa nyuma yake atageuka. Ila S, F, SH na CH zilihama zamani, na zilipohama zilibeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Mpigie simu umwambie "sitakuja". Yeye atasikia "itakuja" yenye kitu kilichokatika mbele, na kwa kuwa ni mtu wa matumaini, atajazia N mwenyewe. Atakungoja. Krismasi moja alimngoja binti yake mpaka saa nne usiku, chakula kimefunikwa mezani, akishikilia ati msichana alisema mwenyewe kwamba anakuja. Sokoni nako ni vita: sitini na tisini. Hayo maneno hata sisi wenye masikio mazima hutuchanganya, sasa fikiria mtu ambaye kwake yote mawili ni "i-ini" tu. Mama mboga anaona mzee anataka kumpunja, mzee anaona mama mboga amepandisha bei katikati ya sentensi.

Nyumbani tulisema ni ukaidi. Baadaye tukasema ni uzee. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema ni kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mbao. Aliandikwa mwaka 1981 katika kiwanda kimoja cha kupasua mbao nje kidogo ya Eldoret, akasimama kando ya msumeno wa duara kwa miaka 18. Kiwanda nitakiacha bila jina. Hakipo tena, na si kimoja cha vile nitakavyovitaja huko mbele. Lakini kisa chake ndicho kilichonifanya nianze kuisoma historia ya viwanda vya mji huu kwa swali moja la ajabu kidogo: uziwi wa mtu kama huyu ulitokea lini?

Swali linaonekana rahisi mpaka ujaribu kulijibu. Mtu akikatwa kidole na msumeno kuna siku, kuna saa, kuna damu sakafuni, kuna mwenzake aliyekimbia kuzima mashine. Kidole hicho kinaingia kwenye daftari jioni hiyo hiyo. Sikio halikatwi. Hakuna mtu aliyewahi kukimbizwa hospitalini kwa sababu leo, Jumanne, zamu ya asubuhi, amepoteza S.

Eldoret ina sifa za miguu na mapafu. Ukiwa ugenini ukataja unakotoka, swali la kwanza ni kama wewe pia unakimbia. Lakini kabla ya kuwa mji wa medali, huu ulikuwa mji wa mashine, na kabla ya hapo ulikuwa namba. Posta ilifunguliwa 1910 kwenye shamba namba 64, na wenyeji wakaliita Sisibo, yaani vile "sixty-four" ilivyofika masikioni mwao. Napenda sana hiyo habari: mji uliopata jina lake la pili kwa njia ya kusikia. Jina Eldoret likaja 1912. Reli ikafika 1924 na kufungua njia ya kutoa mali ya Uasin Gishu: ngano, mahindi, mbao, na magome ya miwati ambayo kampuni ya EATEC iliyakamua kupata dawa ya kutengenezea ngozi. Kelele za mwanzo zilikuwa za misumeno na vinu.

Kisha kikaja kitambaa. Baada ya uhuru serikali ilitaka pamba inayolimwa hapa isokotwe na kufumwa hapa, badala ya kuisafirisha kama marobota na kuinunua tena kama shati. Kisumu ikapata Kicomi, Nanyuki ikapata Mountex, na katikati ya miaka ya 1970 Eldoret ikapata Rivatex, kando ya barabara ya Kisumu. Tayari Raymond ya India ilikuwa na kiwanda cha sufi mjini, na Ken-Knit ikawa inatengeneza nyuzi, sweta na blanketi. Kama ulisoma shule ya msingi upande huu wa Bonde la Ufa, kuna uwezekano mkubwa sweta yako ya shule ilizaliwa hapa. Watu walitoka Nandi, Keiyo, Bungoma, Kakamega, Siaya na kwingineko, wakapanga vyumba Langas na Huruma, wakajifunza kuishi kwa king'ora cha zamu. Kwa kijana wa wakati huo, kuandikwa kiwandani ilikuwa ndoto: mshahara unaojulikana, kitanda, redio, baiskeli. Sitaki kuidharau ndoto hiyo. Mjomba mpaka leo anaongea juu ya mshahara wake wa kwanza kama mtu anayesimulia harusi.

Ukitaka kuelewa kilichotokea masikioni, lazima uingie ndani ya banda la kufumia nguo. Si la hapa tu; mabanda hayo yalifanana dunia nzima. Katika mtambo wa kufuma wa mtindo wa zamani, kuna kibao chenye ncha za chuma kinachobeba uzi. Kinapigwa na rungu upande mmoja, kinaruka katikati ya nyuzi zilizotandazwa, kinagonga kisanduku upande wa pili, kinapigwa tena kirudi. Hilo hutokea zaidi ya mara mia kwa dakika. Huo ni mtambo mmoja. Sasa jaza ukumbi mitambo mingi, sakafu ya saruji, paa la mabati, kuta tupu zisizomeza chochote. Sauti inafika desibeli 100 hivi. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60, na kila desibeli tatu zinazoongezwa maana yake nishati ya sauti imekuwa maradufu, kwa hiyo usidhani 100 ni 60 na kidogo juu yake. Idara ya kusokota nyuzi ina kelele nyembamba zaidi, ya kuvuma bila kupumua. Msumeno wa mbao ukiingia kwenye gogo gumu unashindana na banda la kufumia bila aibu.

Ndani ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama konokono, na humo kuna seli zenye vinywele, takriban 15,000 kila upande. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa kitu ambacho ubongo unakielewa. Kelele ikizidi vinywele vinalala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Ukipumzika vinainuka. Ndiyo maana mfanyakazi akitoka zamu masikio yanalia wiii njia nzima, halafu asubuhi anaamka mzima na kusema hakuna shida. Vikilazwa kila siku, miaka nenda miaka rudi, kuna vinavyokataa kuinuka, na seli ikifa haioti nyingine. (Kuku akiharibikiwa na seli hizo huotesha mpya. Enyewe Mungu ana upendeleo wake.) Za kwanza kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, karibu na mizunguko 4,000 kwa sekunde, mahali ambapo konsonanti kama S na F hupata sehemu kubwa ya uhai wao. Irabu ziko chini zaidi, salama. Kwa hiyo mtu hapotezi sauti, anapoteza maana. Anasikia kwamba unaongea, hajui unasema nini, na wewe ukipaza sauti unampandishia irabu ambazo tayari alikuwa nazo.

Katika Kiswahili hasara hiyo ina ubaya wake wa pekee. Lugha nyingine huweka ukanushaji katikati ya sentensi, kwa neno zima. Sisi nafsi ya kwanza tunaukanusha kwa sauti moja nyembamba mwanzoni: sijalipwa, situmii, sitaki. Ondoa S hiyo na hapana yangu imebaki ikining'inia.

Sasa, kuna mtu atasema watu hawakujua. Wakati huo, bwana, nani alikuwa anajua mambo ya desibeli?

Walijua. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyechapisha kitabu chake cha magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700, alieleza habari za wafua shaba wa Venice waliokuwa wakizibika masikio kwa kugonga chuma kutwa. Mwaka 1886 daktari wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi mia moja wa boila na kuonyesha kwamba kazi ilikuwa imeyala masikio yao. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire wafumaji wanawake walibuni namna yao ya kuongea, midomo ikichorwa kwa upana na mikono ikisaidia, kwa sababu ndani ya banda sauti haikuwa na kazi. Walipokuwa nje, barabarani, bado waliongea hivyo. Na mnamo 1965, miaka kumi hivi kabla ya Rivatex, watafiti walichapisha vipimo vya wafumaji wa magunia wa Dundee, huko Scotland. Kilichowavutia Dundee ni kwamba kulikuwa na wanawake waliofanya kazi kwenye mitambo ya aina ile ile kwa miaka mingi, kwa hiyo ungeweza kuchora mstari: huyu ana mwaka mmoja, huyu kumi, huyu arobaini, na kuona kusikia kunavyoporomoka. Yaani swali langu la "lini" lilikuwa limepata jibu la namna fulani. Uziwi huo hauna siku, una mteremko.

Uingereza ikatoa mwongozo 1972: desibeli 90, saa nane, si zaidi. Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1970 uziwi wa kazini ukaingizwa kwenye orodha yao ya magonjwa ya kulipwa fidia. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba wa 148 kuhusu hewa chafu, kelele na mtikisiko kazini. Weka tarehe hizo kando ya zile za viwanda vyetu. Mashine na maarifa ya madhara ya mashine vilikuwa duniani kwa wakati mmoja. Kilichopakiwa melini ni mashine.

Hapa kwetu kulikuwa na Sheria ya Viwanda, Sura ya 514, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Ni sheria inayofikiri kwa mtindo wa kidole kilichokatwa: weka uzio kwenye gurudumu, kagua boila, weka milango ya kutorokea moto. Vyema kabisa, na imeokoa vidole vingi. Kanuni za kelele ambazo wakaguzi wanazitumia leo ni za mwaka 2005. Zinasema mfanyakazi asikae kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane katika siku, na sauti ya ghafla isipite 140. Kelele ikipita 85, mwenye kiwanda awe na mpango ulioandikwa wa kuipunguza na kulinda masikio: apime kelele angalau mara moja kila mwaka, aweke alama, atoe vizibo, awapime wafanyakazi usikivu. Ni kanuni nzuri, nzuri kuliko ninavyofikiri wengi wetu tunajua. Ila mwaka huo huo wa 2005 Uingereza ilipitisha kanuni mpya zilizoshusha kikomo hadi 87, kwa sababu watu wanaendelea kuziwika chini ya 90. Tuliingia kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wanahama.

Lakini si hiyo inayoniuma. Kinachoniuma ni hesabu hii nyingine.

Miaka ya 1990 soko lilifunguliwa. Pamba ikakosa bei, mitumba ikajaa Gikomba ikafurika mpaka masoko ya Eldoret, na viwanda vya nguo vikaanza kukohoa kimoja baada ya kingine. Rivatex ilifungwa 2000. Upande wa mbao, mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu yake, ikasaza kampuni chache kubwa. Kwa msitu ilikuwa habari njema. Kwa viwanda vidogo vya mbao ilikuwa ni mlango kufungwa, na mjomba alirudi nyumbani mwaka huo akiwa na blanketi, jozi moja ya gambuti na redio ambayo tayari alikuwa anaifungulia juu kuliko majirani walivyopenda. Ina maana kwamba kanuni za kelele zilipotiwa sahihi 2005, mitambo ya Rivatex ilikuwa kimya kwa miaka mitano, na msumeno wa mjomba kwa sita. Sheria za 2007, ile ya Usalama na Afya Kazini na ile ya Fidia ya Majeraha Kazini, zikaja baadaye zaidi. Na hiyo ya fidia ikapandishwa mahakamani: Mahakama Kuu ikavibatilisha baadhi ya vifungu vyake 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi 2017, Mahakama ya Juu ikafunga mjadala Desemba 2019. Zaidi ya miaka kumi mawakili wanabishana kuhusu njia ya kupita. Wakati huo wote seli za mtu zilizokufa zilibaki zimekufa.

Kiwanda kikifilisika watu huja na kalamu. Huhesabu mashine, ardhi, magari, viti vya ofisini, madeni ya benki. Historia ya kiuchumi ya miji kama yetu imeandikwa kwa makaratasi hayo, ndiyo maana tunaweza kusema kwa uhakika kwamba Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua Rivatex 2007 kwa shilingi milioni 205. Masikio hayamo kwenye orodha ya mali wala ya madeni. Ili yawemo, mtu angepaswa kuyapima siku mfanyakazi alipoandikwa, ayapime tena kila mwaka, na karatasi hizo zimuishie mkononi. Bila kipimo cha mwanzo, kipimo cha mwisho ni mzee tu ambaye hasikii vizuri, na wazee wasiosikia vizuri tunao.

Hoja ya uzee ina uzito, tusiikwepe. Masikio huchakaa hata kwa mtu aliyeishi maktabani. Watafiti waliowapima wafanyakazi wa viwanda vya chuma Tanzania, katika utafiti uliochapishwa 2019, walilishughulikia hilo kwa kuwapima pia walimu wa shule za msingi ili kulinganisha. Walimu wenye upungufu wa kusikia walikuwa asilimia 31. Wafanyakazi wa chuma, asilimia 48. Kwa hiyo ndiyo, wengi wangepoteza kitu hata bila kiwanda. Lakini ile tofauti ya katikati kuna mtu anapaswa kuieleza, na huwezi kuiona ukimwangalia mjomba mmoja. Unaiona ukipima mamia. Kenya pia imepima: mwaka 2010 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, watu wanaoishi chini ya injini za ndege. Huwa najiuliza daftari kama hilo la banda la kufumia nguo la Eldoret, la 1978 hadi 2000, lingesemaje.

Niliwahi kumuuliza mjomba kama walipewa vizibo. Alicheka. Kuna waliojaza pamba masikioni, akasema, na foromani hakuwakataza. Yeye hakutaka. "Kijana, msumeno unaongea." Akanieleza kwamba fundi mzuri husikia gogo lenye fundo kabla blade haijalifikia, husikia meno yakianza kuchoka, husikia mbao ikianza kuubana msumeno sekunde moja kabla ya kurushwa kifuani. Ukiziba masikio unajiua. Hapo nikanyamaza kidogo. Tunavyoeleza mambo haya mara nyingi tunamfanya mfanyakazi mjinga, mtu aliyepewa kinga akaitupa kwa ubishi. Kumbe sikio lilikuwa chombo chake cha kazi na kinga yake ya mwili, na alilitumia mpaka likaisha, kama vile msasa unavyoisha. Ndiyo maana wanaojua kazi hii husema vizibo ni suluhisho la mwisho. La kwanza ni kuinyamazisha mashine yenyewe: kuibadilisha, kuifunga ndani ya chumba chake, kulainisha sakafu, kupunguza saa. Hayo yanagharimu. Kizibo ni cha shilingi kidogo, kwa hiyo ndicho unachokiona kwenye picha.

Nyumbani tulikuja kujua ukweli kwa bahati mbaya. Machi 2020 barakoa zilipokuja, mjomba akawa kiziwi kwa wiki moja. Wiki moja kabla alikuwa anaongea na sisi vizuri, akijibu, akibishana siasa. Watu wakaanza kunong'ona ati virusi vimempanda masikioni. Mpaka siku moja shangazi akashusha barakoa kunywa chai, akasema kitu kidogo tu kuhusu sukari, na mzee akajibu. Alikuwa akitusoma midomo. Kwa miaka ishirini alikuwa akitusoma midomo, na hata yeye mwenyewe hakuwa anajua kwamba ndicho anachofanya. Kama wale kina mama wa Lancashire, banda lilikuwa limemfundisha, akatoka nalo nje.

Kwa hiyo familia ikapata tarehe: Machi 2020. Ilikuwa tarehe ya uongo, lakini unaweza kuona jinsi watu wanavyoitamani.

Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliizindua upya Rivatex, mitambo mipya, sherehe, pamba ikarudi kwenye hotuba. Agosti 2024 Eldoret ikapewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini. Mitambo ya kisasa ya kufuma hairushi kile kibao tena, na hiyo pekee ni nafuu. Na safari hii kanuni zipo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo anayeandikwa leo katika kiwanda chochote cha mji huu ana haki ya kuuliza: kipimo changu cha mwanzo kiko wapi? Lakini viwanda vilipofungwa kelele haikufungwa. Ilihamia jua kali. Tembea kwenye mabanda ya kuchomelea milango na mageti, pale kijana anapokata chuma kwa mashine ya kusaga huku mwenzake akigonga bati hatua mbili kutoka kwake. Sikiliza mashine ya posho mtaani, inayosaga kutoka asubuhi mpaka jioni ndani ya chumba cha mabati chenye dirisha moja. Hakuna king'ora cha zamu hapo, hakuna foromani, mara nyingi mwajiri na mfanyakazi ni mtu mmoja. Kuna vazi la kazi, pengine miwani ya jua badala ya kinga ya macho. Masikioni, kama kuna kitu, ni spika ndogo za simu zilizofunguliwa juu kushinda mashine. Yaani kelele mbili, moja juu ya nyingine. Vijana hao ni wa umri wangu na wako.

Mwaka jana nilimpeleka mjomba kupimwa. Walimketisha ndani ya kisanduku kisichopitisha sauti, wakamvalisha vifunika masikio, wakampa kitufe: ukisikia, bonyeza. Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa makini kama mtoto kwenye mtihani. Sauti nzito alizibonyeza haraka. Halafu kidole kikatulia, na kikatulia, nami nikajua huko ndani sauti zilikuwa zinapita mbele yake moja baada ya nyingine. Mchoro ulipotoka, mstari ulitembea sawa kutoka kushoto, ukafika karibu na 4,000, ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi, ukainuka kidogo upande wa pili. Masikio yote mawili, umbo moja. Kijana aliyempima alisema sura hiyo wanaijua. Akauliza, "Ilianza lini?"

"Sijui," mjomba akasema.

Tukaambiwa tunaweza kujaribu fidia, hata kama tumechelewa, na mimi nikaona tusikose kuuliza. Ajali ina miezi 12 ya kudaiwa. Sheria ina sehemu yake ya magonjwa yanayotokana na kazi, lakini ugonjwa nao unataka daktari aliyeuandika na mwajiri wa kuandikiwa. Katika ofisi moja mjini tulipewa fomu. Jina la mwajiri tulilijua. Anwani ya mwajiri ilikuwa ya sanduku la posta la kampuni iliyokufa miaka zaidi ya ishirini iliyopita, tukaiandika hivyo hivyo. Kisha tukafika kwenye mstari uliosema tarehe ya ajali. Mjomba alichukua kalamu kutoka mkononi mwangu, akaandika kwa mwandiko wake wa mafundi, herufi kubwa kubwa: 1981 – 1999. Haikutosha kwenye kisanduku. Ile tisa ya mwisho ikatoka nje.

Karani aliisoma, akaisukuma nyuma chini ya kioo. Alisema nafasi ni ya tarehe moja.

Kioo kilikuwa kinameta mwanga wa dirishani na midomo yake haikuonekana vizuri. Mjomba akanigeukia. "Anasemaje?"